Kwanza Wafundishe Kuanguka

Jana asubuhi nilimkabidhi Rwegasira firimbi ya shule, na leo nimeamka saa ile ile ya siku zote nikiwa sina wa kumpulizia. Mke wangu amenitazama nikizunguka uani, akaniambia nijitafutie kazi kabla hajanitafutia yeye. Basi nimechukua karatasi.

Haya nayaandika kwa ajili yenu, walimu vijana mnaoshika kazi ya viwanja hapa Nkwenda, kule Ihembe, na kokote mtakakopelekwa. Habari za mshahara sitaandika, kwa kuwa mshahara wenyewe mnaujua na hautajaza mstari. Nani alipandishwa cheo na nani alirukwa, hilo nawaachia makarani. Nitaandika juu ya watoto, nyasi na sindano, na juu ya kosa moja nililolifanya ambalo nusura limtoe mjane katika kibanja chake. Kibanja, kwa yeyote kati yenu atakayekuja kutoka pwani kama nilivyokuja mimi, ni shamba la migomba na kahawa lenye nyumba katikati. Mtu wa huku akiondolewa kibanja, hana pa kulala wala pa kuzikwa.

Baba yangu alikuwa mtu wa Bagamoyo. Alipanda huku Karagwe na mizigo ya kaniki, shanga na chumvi, akafungua duka Nkwenda wakati soko lilikuwa vibanda vichache na mbuzi wengi. Mimi nilimfuata nikiwa kijana, nikiwa nimemaliza chuo cha Kurani na kujifunza kidogo herufi za Kizungu. Wadachi walipotaka kufungua shule, mkaguzi wao alinikuta nyuma ya meza ya duka napima chumvi. Aliniuliza mambo mawili tu, kama najua kusoma na kama nina nguvu. La kwanza niliitikia kwa haki. La pili niliitikia kwa sababu baba alikuwa anasikiliza. Nikaambiwa asubuhi nitafundisha herufi na jioni nitafundisha mazoezi ya viungo, maana serikali ilitaka vijana walionyooka miili. Akanipa firimbi, akapanda nyumbu wake, akaondoka. Sikumwona tena kwa mwaka mzima.

Siku ya kwanza niliwapanga watoto uwanjani nyuma ya shule, nikawaonyesha mti uliokuwa mwisho wa uwanja, nikawaambia nikipuliza wakimbie mpaka pale. Nikapuliza. Hakukimbia mtu. Wachache walitembea kwa visigino, wakiwa wameinua vidole vya miguu juu, na wawili waliketi chini pale pale. Nilipuliza tena kwa nguvu zaidi, kama kwamba tatizo lilikuwa masikio. Kisha nikainama kuwatazama miguu, na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza hasa.

Ilikuwa funza. Ninyi mmewakuta funza wakiwa wamepungua, nanyi mnawaona kama adha tu ya msimu wa kiangazi. Miaka ile walikuwa wageni katika nchi na hakuna aliyejua kuwatoa vizuri. Watu walikuwa wamepoteza vidole, wengine hawakuweza kufika shambani kwao. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa kwa sotoka kabla ya hapo, na sasa watu wenyewe walikuwa wanatambaa. Na mimi nimesimama mbele yao na firimbi.

Aliyenisaidia alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Nyakato, ambaye kibanja chake kilipakana na uwanja wa shule. Alikuwa ameniona kutoka kwenye migomba yake nikipuliza bila kufuatwa, akaja akiwa amebeba mwiba mrefu na jivu kwenye jani. Hakunisalimu kwanza, jambo ambalo watu wa huku hawalifanyi, kwa hiyo nilijua amekasirika. Alimketisha mtoto wa karibu, akauweka mguu wake mapajani, akaanza kazi. Baadaye nilimpa sindano za chuma kutoka dukani kwa baba, naye akanifundisha. Hufukui katikati. Unazunguka pembeni taratibu mpaka kifuko chote kitoke kizima, maana kikipasuka ndani umeongeza kazi ya juma zima. Kisha unapaka jivu au samli. Sindano unaipitisha motoni kwa kila mtoto. Kwa miezi mitatu tukawa hatuna mazoezi mengine jioni. Mkaguzi aliporudi na kuuliza viungo gani vimefanyiwa mazoezi, nilimjibu kuwa tumeanza na vidole vya miguu.

Nyakato alikuwa na mtoto mmoja tu, mvulana, ndiye huyu Rwegasira. Baba yake alikufa mtoto akiwa bado mgongoni mwa mama. Alikuwa mtoto mfupi, mzito wa mabega, asiyesema sana. Alipopona miguu alikuwa wa kwanza kufika kwenye ule mti.

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Ombasha Feruzi, askari aliyeachishwa jeshi kwa sababu ya goti, akapewa kulinda bendera ya shule. Bendera haikuhitaji ulinzi mwingi, basi akajitwika ulinzi wangu. Alinifundisha gwaride, nami nikawafundisha watoto, nao wakalichukia, na kusema kweli hata yeye alilichukia. Siku moja aliniambia kuwa jeshini hakufundishwa jambo lolote la maana isipokuwa kuanguka. Goti lake liliharibika siku aliyosahau. Akaagiza nyasi zikatwe, zitandazwe nene, akawapanga watoto, akawafundisha kuanguka mbele, nyuma na ubavuni. Kidevu kifuani, mkono usiutangulize, viringika, simama. Watoto walicheka mpaka machozi. Tangu siku ile sikumfundisha mtoto kuruka, kukimbia wala kushindana mieleka kabla hajajua kuanguka, na katika miaka yangu yote nimevunjikiwa mkono mmoja tu. Ulikuwa wa kwangu.

Nyasi zenyewe ni somo pia. Uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja huitwa rweya, na mgeni huuona kama ardhi isiyo na mwenyewe. Wanawake ndio hukata nyasi hizo kutandika nyumbani, na nyumba ya huku bila nyasi mpya sakafuni ni aibu kwa mama mwenye nyumba. Nilipowapeleka watoto kucheza huko wakazikanyaga zote, akina mama walinijia wakiwa na miundu mikononi. Walisema kwa upole sana, lakini miundu hawakuiweka chini. Tukapatana kwamba tucheze walipokwisha kukata, na kwamba watoto wawabebee mizigo hadi nyumbani. Mbio za kubeba mzigo wa nyasi kichwani bila kuushika zilizaliwa hapo, nazo bado zinapendwa kuliko mbio zangu zote.

Polepole niliacha kuleta michezo na kuanza kuuliza ipo ipi. Walikuwa nayo. Walikuwa na pete ya kusuka kwa mimea itambaayo, mmoja anaivingirisha mteremkoni kwa kasi na wengine wanarusha fito kupitisha katikati. Walikuwa na mpira wa magamba makavu ya migomba uliofungwa kwa kamba, mzuri ila mvua ikinyesha unakuwa mzito kama mtungi. Walikuwa na kuruka juu, na hapo ndipo wasichana walipotushinda. Shule haikuwaandikisha wasichana, lakini walipita jioni kutoka mtoni, wakaweka mitungi chini, wakaruka. Mmoja aliruka juu kuliko wavulana wote, nami nikamwandika kwenye daftari kwa jina la kiume. Mkaguzi alipotaka kumwona, nilisema amekwenda kuchota maji, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Na msimu wa senene ulipofika nilikuwa nafunga daftari kabisa. Watoto wanaokimbiza panzi wa kula tangu alfajiri hawana haja ya mwalimu wa mazoezi.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mkuu wa eneo letu, ambaye kwa lugha ya huku huitwa mukungu, alikuwa mzee Kabyemera. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, wa ukoo wa wafugaji, na vibanja vingi vya Nkwenda vilikuwa chini ya mkono wake. Kumpa mtu kibanja au kumwondoa lilikuwa neno lake. Serikali ilipoamuru wakubwa walete watoto wao shuleni, wengi walileta watoto wa watumishi wao wakasema ndio hao. Kabyemera alimleta mtoto wake mwenyewe, Kaijage. Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu.

Kaijage alikuwa mrefu kama baba yake, mwepesi, mcheshi, anayependa kushinda. Yeye na Rwegasira walishindana katika kila kitu kwa miaka miwili, na kila mmoja alikuwa bora kwa sababu ya mwenzake. Kwenye pete na kuruka Kaijage alishinda. Kwenye mieleka ilikuwa sawa kwa sawa, leo huyu, kesho yule, na hakuna aliyejali kwa sababu hapakuwa na watazamaji ila Ombasha na mbuzi.

Kisha nikataka watazamaji. Nilikuwa nimekwisha kuonyeshwa desturi moja iliyonivutia sana, kwebuga. Mtu husimama mbele ya mkubwa wake akiwa na mkuki, hutaja jina lake na ukoo wake, hujisifu kwa mpangilio wa maneno mazuri, na huahidi atakayomtendea. Mimi, mtoto wa duka, niliona ni sifa tu. Nikawaza kwamba mtoto akishinda akipewa nafasi ya kujisifu namna ile, wote watatamani kushinda. Sikumwuliza mtu. Hata Nyakato, aliyekuwa ng'ambo ya uzio wa migomba, sikumwuliza.

Siku ya soko nikamwalika mukungu Kabyemera na wazee wake. Watu wa soko wakajaa. Pete ikachezwa, watu wakaruka, kila kitu kikaenda vizuri. Mwisho ikawa mieleka. Rwegasira alimshika Kaijage kiunoni, akamzungusha, akamweka chini chali. Nikampa Rwegasira fito, nikamsukuma mbele, nikamwambia, haya, jisifu.

Mtoto alinitazama. Nilidhani ana haya. Nikamsukuma tena.

Akafanya. Mtoto wa mjane, mkulima aliye katika kibanja cha Kabyemera, alisimama juu ya mtoto wa Kabyemera aliyekuwa bado chini, akaelekeza fito kama mkuki kule alikoketi mukungu, akataja jina lake na ukoo wa baba yake kwa sauti. Alisema vizuri sana. Soko lote lilinyamaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu.

Kabyemera aliinuka, akatikisa shuka lake, akaondoka bila kuaga. Jioni ile Ombasha Feruzi alinieleza nilichofanya. Kwebuga hufanywa na mtu mbele ya bwana wake, kumwahidi utumishi. Kumfanyia juu ya mtoto wake aliyeanguka, tena mbele ya watu wa soko, ni kumwambia kwamba bwana sasa ni mwingine. Aliniambia kuwa hata Wadachi, ambao walikuwa na bunduki, hawakumfanyia Kabyemera vile.

Kesho yake uwanja ulikuwa mtupu. Watoto wote walizuiwa, hata wa wafanyabiashara Waislamu wenzangu, maana baba zao walipanga viwanja kwa mukungu. Siku ya pili mtu wa Kabyemera alifika kwa Nyakato na kumwambia kuwa mwezi ukiandama awe ametoka, kibanja kinahitajiwa. Mume wake alizikwa pale, chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Nilikwenda kwa mukungu. Nilibeba kanzu mpya na kofia kutoka dukani kwa baba, nikaketi chini kwenye nyasi za nyumba yake, nikapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Nilimweleza kwamba kosa ni langu, kwamba mtoto alitii tu, na kwamba kwetu ule ulikuwa mchezo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kanzu hakuigusa.

"Kama ulikuwa mchezo," alisema, "na uchezwe tena. Siku ya soko. Watu wale wale."

Kila mtu ndani ya nyumba ile alijua nani angetakiwa kuanguka. Nilitoka pale moyo umetulia kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba nilitulia.

Ombasha alikataa. Alisema mtoto aliyefundishwa kuanguka kwa ajili ya kusimama hawezi kufundishwa kuanguka kwa ajili ya kubaki chini, na kwamba nikimwambia hivyo niivunje na firimbi kabisa. Nilimkumbusha kuwa yeye analinda bendera na halali katika kibanja cha mtu. Hatukusemeshana siku mbili.

Kwa Nyakato nilikwenda nikitumaini atanikataza, ili nami niweze kusema nilikatazwa. Alikuwa amemketisha mtoto wa jirani, anamtoa funza, na hakuinua kichwa.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemwambia ajisifu," alisema. "Na hili mwambie wewe. Nikimwambia mimi, atajua kwamba mama yake ana hofu."

Basi nilimwambia. Nilimkuta anafunga mpira wa magamba, nikamwambia siku ya soko akamatane na Kaijage kidogo, watu waone, kisha aanguke. Nilimwambia ni kwa ajili ya mama yake na kaburi la baba yake. Nilitumia maneno mazuri. Yeye aliendelea kufunga kamba.

"Mwalimu, mimi najua kuanguka nikisukumwa," alisema. "Nisiposukumwa nitaangukaje?"

Nikamwambia atajua tu. Sijawahi kumpa mwanafunzi jibu baya kuliko hilo, na nimefundisha hesabu.

Siku ya soko ilifika. Kabyemera aliketi pale pale alipoketi kwanza, na watu walikuwa wengi zaidi, maana habari ilifika hadi kivuko cha Murongo. Nyakato alisimama nyuma ya akina mama, mkono mdomoni. Mimi nilikuwa na firimbi midomoni, tayari kupuliza pindi mgongo wa Rwegasira utakapogusa nyasi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu siku ile, kupuliza upesi, kabla watu hawajapata muda wa kutazama vizuri.

Walikamatana. Walizunguka mara moja, mara mbili. Kaijage alimvuta kidogo, mvuto wa kujaribu tu ambao siku nyingine usingemtikisa hata mbuzi, na Rwegasira akalegea. Nilimwona magoti yakikunjika, mabega yakishuka. Nilivuta pumzi nipulize.

Hakufika chini. Kaijage alimshika. Alimpitisha mikono yote miwili mgongoni, akamkumbatia kwa nguvu, akamshikilia hewani, vidole vya miguu vya Rwegasira vikikwaruza nyasi. Walibaki vile muda ambao mimi niliuona mrefu sana, mmoja akijaribu kuanguka na mwingine akikataa. Kisha Kaijage akamsimamisha wima kama mtu anavyosimamisha nguzo, akasema, si kwa sauti kubwa, lakini soko zima lilisikia.

"Simama. Usiniangukie."

Akamgeukia baba yake. Alipiga goti, kama inavyompasa mtoto.

"Tata, huyu hajaanguka. Nikichukua ushindi huu, kila mtoto hapa atajua nilipewa. Niache nicheze naye."

Sikuona uso wa Kabyemera kwa sababu nilikuwa siwezi kumtazama. Niliona mkono wake tu. Uliinuka kidogo kutoka gotini, ukarudi. Wazee walisema hiyo ni ruhusa.

Wakacheza. Sitaeleza kila mshiko, ingawa naukumbuka kila mmoja. Ilikuwa mieleka mizuri kuliko yote niliyoiona katika maisha yangu. Walichafuka, walitoka jasho, walisahau kuwa kuna soko. Kaijage alikaribia kumwangusha mara mbili. Mwishoni Rwegasira alipata kiuno, akamzungusha, na Kaijage akaenda hewani mbele ya baba yake na watu wote.

Alianguka kama alivyofundishwa. Kidevu kifuani, mkono hakuutanguliza, akaviringika ubavuni, na kabla vumbi halijatua alikuwa amesimama. Alikuwa anacheka. Alimfuta Rwegasira majani mgongoni, na Rwegasira, ambaye hakucheka kwa wiki nzima, akaanza kucheka naye. Safari hii sikumpa mtu fito.

Kabyemera aliinuka, akaja uwanjani taratibu, akasimama mbele yangu. Nilikuwa na firimbi midomoni bado, sikuwa nimeipuliza hata mara moja.

"Mwalimu," alisema, "mtoto wangu nani amemfundisha kuanguka vile?"

"Mimi, waitu," nikasema, kama mkubwa wa huku anavyoitikiwa. "Mimi na Ombasha."

Alimtazama Kaijage kwa muda.

"Basi mfundisheni na kuangusha," alisema, akaenda zake.

Hakutoa neno lolote juu ya kibanja. Tulingoja. Mwezi uliandama, Nyakato hakufunga mzigo wala hakulala vizuri. Siku ya pili yake mtu wa mukungu alifika mlangoni. Yule mtu alisema mzee ana funza wawili kisiginoni, wamemsumbua, na amesikia mwanamke huyu ana mkono mwepesi, aje na sindano yake. Nyakato akaenda. Kabyemera akamwekea mguu wake mapajani, akatolewa funza, akampa kikapu cha mtama, akamuuliza migomba yake inaendeleaje. Hakuna anayemwekea mguu mapajani mwanamke anayemfukuza. Nyakato alirudi akaketi karibu na kaburi la mume wake, akalia, akaja kunieleza akiwa bado ameshika sindano. Nami nililia pia, kwa furaha na kwa aibu. Watoto walirudi uwanjani siku ile ile kabla sijapuliza.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizuri na sina mengi ya kulalamika. Tulifanya michezo na Ihembe, watoto wakitembea siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, wakifika wamechoka na bado wakishindana. Mkaguzi aliandika kwamba mazoezi yangu hayafanani na kitabu chake. Hakukosea. Vita ilipokuja, uwanja uligeuzwa mahali pa kupanga mizigo ya wapagazi, na vijana tuliowafundisha kukimbia walipelekwa kubeba. Baadhi hawakurudi. Hayo ni ya watu wengine kuyaandika. Waliorudi walifungua uwanja wenyewe, wakang'oa magugu, wakasuka pete mpya kabla Waingereza hawajaamua kama kutakuwa na shule. Ombasha Feruzi alikufa mwaka ule, na watoto walimtandikia nyasi nene kaburini bila kuambiwa na mtu.

Kaijage sasa ndiye mukungu baada ya baba yake. Vibanja viko mkononi mwake, na sijasikia amemtoa mtu kwa hasira. Nyakato ni bibi mzee, haoni tena vizuri, lakini ukimpa mguu wa mtoto vidole vyake vinajua pa kwenda. Rwegasira amekuwa msaidizi wangu kwa miaka mingi, na sasa kazi ni yake.

Jana, nilipomnyooshea firimbi, hakuipokea. Alisimama akiitazama, kisha akaniuliza jambo ambalo hakuwahi kuniuliza tangu utoto wake, nami nilikuwa nimelingoja miaka yote hiyo nikitumaini halitakuja.

"Mwalimu, siku ile Kaijage asingenishika, ungepuliza?"

Ningeweza kumpa jibu zuri. Nimekuwa mwalimu muda mrefu, majibu mazuri hayanipigi chenga. Lakini nilikwisha kumpa moja baya alipokuwa mtoto, na nilitaka aondoke na la kweli.

"Ningepuliza," nikasema.

Nyuma yake watoto walikuwa wamekwisha kujipanga, wanasukumana, wanangoja. Kisha akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Basi ilete huku," akasema.

Nikampa.